Waya Unaojua Kukataa

Mwezi wa sita Singida ni mwezi wa alizeti. Magunia yamepangwa hadi karibu na kenchi za viwanda vidogo, madumu ya mafuta yamejipanga kando ya barabara kungoja magari ya Dodoma na Mwanza, na mashine za kukamua zinaunguruma kutwa. Umeme ukikatika katikati ya kazi, mlio unashuka taratibu mpaka kimya. Hapo kijana anayelisha mbegu hupata nafasi ya kufanya alichokuwa akikiahirisha tangu asubuhi: anaingiza mkono kwenye mdomo wa mashine na kuchokoa mashudu yaliyoshindiliwa kwenye skrubu. Mkono uko ndani, na umeme hautoi taarifa unaporudi. Ukirudi sasa hivi, mota itafanya nini?

Jibu limo ndani ya boksi la chuma ukutani, kwenye kifaa ambacho mafundi wetu wanakiita kontakta. Ukikifungua hukuti akili yoyote. Kuna koili ya waya mwembamba wa shaba, kipande cha chuma kinachovutwa, springi, na ncha za madini zinazogusana na kuachana. Kitufe cha kijani kikibonyezwa, koili inapata umeme, inageuka sumaku, inavuta chuma, na chuma kinafunga njia zote tatu za umeme wa mota. Pembeni mwa njia hizo kubwa kuna kinjia kidogo, kimeandikwa 13 upande mmoja na 14 upande wa pili, nacho kinafunga pamoja na wenzake. Kidole kikiondoka kwenye kitufe, umeme wa kulisha koili unapita sasa kwenye kinjia hicho. Kontakta imejishikilia yenyewe, na kwa namna yake inakumbuka kwamba iliambiwa iwashe.

Umeme ukikatika, sumaku inakufa. Springi inasukuma chuma nyuma, 13 na 14 zinaachana, na kumbukumbu yote inafutika. Umeme ukirudi, koili haijui kama iliwahi kufanya kazi. Mashine inabaki imelala mpaka mtu aje abonyeze kitufe cha kijani kwa hiari yake, akiwa amekwisha kutazama mkono wa nani uko wapi.

Nauhusudu usahaulifu huu. Tumezoea kuhesabu kumbukumbu kuwa ndiyo sifa ya kwanza ya mashine bora. Simu inakumbuka ulikoishia, redio ya gari inakumbuka stesheni, na programu nyingi huandikwa ili zikizimika zirudi palepale zilipokuwa. Lakini aliyebuni mshikamano wa 13 na 14 alijua kwamba kuna mahali ambapo kukumbuka ni hatari, akatengeneza kifaa kinachosahau kwa makusudi, kila mara, bila kukosea.

Chukua mashine mbili zilizo katika wilaya moja, tuseme Ikungi. Ya kwanza ni hiyo ya alizeti. Ya pili ni pampu ya kisima kirefu cha kijiji, imezamishwa chini kabisa ambako mkono wa mtu haufiki. Umeme ukikatika saa nane usiku na kurudi saa tisa, pampu tunataka ikumbuke, iendelee kujaza tangi ili wanaofika alfajiri na ndoo wakute maji. Mota zote mbili ni za njia tatu, pengine hata nguvu ni ileile, kilowati 7.5, na kontakta zimetoka duka moja. Kilichotofautiana ni nani yuko karibu. Fundi aliyefunga pampu isahau amewanyima watu maji bure. Fundi aliyefunga mashine ya kukamua ikumbuke ametega mtego, na hatajua ni lini utafyatuka.

Sasa kompyuta zimeingia ndani ya maboksi haya. Bodi ndogo za Arduino na ESP32 zinauzwa Kariakoo, na kijana aliyetoka chuoni anaweza kuifanya pampu ya kijiji iwake kwa ujumbe wa simu. Hili ni jema, na nalisema kwa moyo mweupe. Programu inajua saa. Inahesabu lita. Inaweza kumwandikia katibu wa jumuiya ya watumiaji maji kwamba leo kisima kimetoa kidogo kuliko jana. Kontakta haitafanya hayo hata ikae ukutani miaka hamsini. Swali linalobaki ni la fundi: programu ikabidhi kazi wapi kwa sakiti ya kawaida? Jibu langu ni kwamba programu ipewe haki ya kuomba, na sakiti ya kawaida ibaki na haki ya kukataa. Karani wa ghala anaweza kuandika hati nzuri ya kutoa mzigo, yenye tarehe na hesabu zote, lakini funguo ziko kwa mtu mwingine, na mtu huyo ana macho yake.

Tuufuate umeme wenyewe, hatua kwa hatua. Katibu anabonyeza simu. Ujumbe unafika kwenye bodi, programu inaamua, na mguu mmoja wa bodi, tuseme ya Arduino Uno, unapanda kutoka volti 0 hadi volti 5. Mguu huo hauna nguvu. Kwenye Arduino Uno kikomo chake ni miliampea 40, na busara ni kubaki mbali na hapo. Ile rilei ndogo ya bluu inayouzwa kila mahali ina koili ya omu 70. Gawanya 5 kwa 70, unapata miliampea 71. Mguu hauiwezi. Kwa hiyo fundi anaweka transista katikati na kuilisha kupitia rezista ya omu 1,000. Miliampea 4 na kitu zinaingia, na miliampea 71 za rilei zinapata njia. Rilei inafunga, ncha zake zinapeleka volti 230 kwenye koili ya kontakta, kontakta nayo inafunga, na ampea 15 zinakwenda kwenye mota. Kutoka miliampea 4 hadi ampea 15 tumepita makabidhiano matatu, na katika kila moja fundi amepata nafasi ya kuweka sharti lake.

Sharti moja ni dayodi, 1N4007, iliyoungwa kinyume kwenye koili ya rilei. Rilei inapozimwa, sumaku inayokufa hurudisha umeme wake kwa ghadhabu, volti nyingi kwa kitambo kifupi sana. Dayodi inaupa umeme huo njia ya kuzunguka mpaka uishe. Isipokuwepo, transista itakufa baada ya wiki au miezi, na watu watasema bodi za siku hizi ni feki.

Sharti la pili ndilo ninalolipenda kuliko yote, nalo ni rezista ya omu 10,000 ambayo ukiiondoa kila kitu kitaonekana kinafanya kazi sawasawa. Imeunga mlango wa transista na upande wa hasi. Kazi yake inaonekana katika muda mmoja tu, ule umeme unaporudi. Bodi haiamki papo hapo. Inajiwasha, inasoma programu yake, na ikiwa ni ya mtandao inaanza kutafuta laini. Katika muda huo mguu haujaambiwa uwe juu wala chini. Unaelea, na mguu unaoelea huokota kelele yoyote ya umeme iliyo karibu. Ni nani basi mwenye mota katika sekunde hizo? Ile rezista. Inauvuta mlango chini na kujibu kwa niaba ya programu ambayo bado imelala: hapana. Zipo rilei za kununua zilizotengenezwa kinyume, zinazowaka mguu ukishuka, na kwa hizo rezista lazima ivute juu. Fundi anayejua hili amesoma karatasi ya kifaa hadi mwisho, na ameijaribu kazi yake kwa kuzima na kuwasha umeme mara nyingi mfululizo huku sikio liko kwenye rilei. Ikisikika hata ‘ta’ moja kabla ya wakati wake, kazi inarudi mezani.

Halafu kuna radi. Mvua za Singida ni za msimu mmoja, kuanzia kama Novemba au Desemba hadi Aprili, na ngurumo zake wenyeji wanazijua. Waya mrefu uliotandazwa juu ya nchi tambarare hukusanya mishtuko ya umeme hata radi ikipiga mbali. Kwa ajili hiyo mafundi wazuri hutenganisha bodi na dunia ya nje kwa kifaa chenye miguu minne kiitwacho PC817. Ndani yake kuna taa ndogo isiyoonekana kwa macho, na mbele ya taa kuna transista inayohisi mwanga. Kati yao hakuna shaba hata chembe. Habari inavuka kwa mwanga peke yake, na watengenezaji wanakipima kistahimili volti 5,000 kati ya upande na upande. Radi ikipiga boksi lenyewe hakuna cha kuokoa. Lakini ule mshtuko unaosafiri kwenye waya una mahali pa kukwama, na bodi iliyobeba hesabu za kijiji inasalimika. Mpaka kati ya programu na umeme wa kazi hapo unaonekana kwa jicho: ni pengo, na linavukwa na mwanga tu.

Mkoa huu unafundisha mambo haya kwa sababu maji yake ni ya shida. Mji umekaa kati ya maziwa mawili, Singidani na Kindai, na yote mawili yana maji ya chumvi. Ardhi ni ya majabali ya granaiti, yale yanayoonekana yamepandiana kila upande wa mji, na maji ya kunywa yamejificha kwenye nyufa za jabali. Ndiyo maana kisima kimoja hutoa maji kwa wingi na kingine, hatua chache tu kando yake, kikachechemea. Kufika Oktoba, kabla mvua hazijaanza, usawa wa maji umeshuka, na pampu iliyokuwa imezama vizuri mwezi wa tano inaweza kujikuta ikivuta hewa.

Pampu ya kuzamishwa hupozwa na maji yanayopita ubavuni mwake. Yakiisha, joto la mota halina pa kwenda, na kuisuka mota upya ni gharama ambayo jumuiya ya kijiji huichangia kwa shilingi za ndoo. Kinga yake ni ya kizamani na ni nzuri mno: vijiti viwili vya chuma kisichoshika kutu vinaning’inizwa kisimani juu ya pampu, na rilei maalumu inapitisha umeme mdogo sana kati yao. Kukiwa na maji, umeme unapita. Maji yakishuka chini ya vijiti, njia imekatika na ncha za rilei zinafunguka. Umeme huo ni wa kubadilika mwelekeo, haufanani na ule wa betri, ili vijiti visiliwe upande mmoja. Maji ya Singida yana madini mengi, kwa hiyo yanapitisha umeme vizuri. Lakini madini hayohayo hujenga ganda juu ya vijiti, na siku moja rilei itaapa kwamba kisima kimekauka ilhali kimejaa.

Hapa kuna jambo linaloniuma. Siku hiyo ikifika, fundi ameitwa kwa haraka, watu wana ndoo, mwenyekiti amesimama kichwani kwake. Anafungua boksi, anaona sehemu mbili zilizotengwa kwa ajili ya vijiti, anakata kipande cha waya kifupi na kuziunga moja kwa moja. Pampu inawaka papo hapo, na watu wanamshukuru. Hata kwenye vidhibiti vya pampu za sola, ambavyo huja na nafasi hiyo tayari, kipande hicho cha waya nimekikuta zaidi ya mahali pamoja. Kuanzia dakika ile kisima hakina mlinzi, na hakuna anayejua, kwa kuwa boksi limefungwa na taa ya kijani inawaka. Kuvitoa vijiti na kuvisugua kungechukua muda mrefu zaidi, ni kweli. Lakini haki ya kukataa imeondolewa kwa siri, na mota itakapoungua mwezi wa kumi lawama itaiangukia kampuni iliyouza pampu.

Wapo wanaosema programu inaweza kuchukua nafasi ya vijiti. Ipime ampea za mota. Zikishuka kuliko kawaida ijue pampu haina mzigo, izime. Ni kweli, na ifanye hivyo, iwe mlinzi wa pili. Ila ncha za rilei ya vijiti zibaki zimeungwa mfululizo kwenye njia ya koili ya kontakta, ili programu ikiomba mara mia huku kisima ni kikavu, koili isipate umeme hata mara moja. Jirani yake kwenye njia hiyohiyo kuna ncha za 95 na 96, zile za kinga ya mota kuzidiwa. Hiyo nayo haina hesabu ndani yake. Ni vipande vya metali mbili zilizoshikamana, zinazopanuka tofauti zikipata joto. Umeme wa mota unapita humo, unavipasha, na ukizidi kwa muda mrefu vinapinda na kusukuma ncha ziachane. Programu ingelazimika kukadiria joto la mota kwa kanuni. Vipande hivi vinapata joto lao kutoka kwenye umeme uleule unaoipasha mota.

Upande wa tangi ndiko akili ya kompyuta inakovutia zaidi, maana tangi liko juu ya kilima cha mawe na pampu iko bondeni. Kuvuta waya kati yao ni gharama, waya huibwa, panya wanautafuna, na radi nimekwisha kuitaja. Basi watu wanaweka laini ya simu kila upande, na tangi linaituma habari. Sina ugomvi na hilo, mradi bodi ya chini ifundishwe kwamba ukimya ni amri ya kusimama: isiposikia kutoka juu kwa muda uliowekwa, izime pampu bila kungoja. Lakini ipo njia ambayo wengi wameisahau, nami naitetea. Weka boya la kufunga bomba kwenye mdomo wa tangi, na swichi ya presha kwenye bomba pale pampu inapoanzia. Tangi likijaa, boya linafunga, presha inapanda kwenye bomba zima, swichi iliyo bondeni inahisi na kukata. Habari imesafiri kutoka kilimani ndani ya maji yenyewe. Hakuna laini ya kuongezea salio wala waya wa kuibwa, na bomba lilikuwa limekwisha kuchimbiwa.

Kanuni ya kusimama kwa ukimya ni ya tangu zamani, na relini ilitumika mapema. Mwaka 1872 Mmarekani William Robinson alipata hataza ya kupitisha umeme mdogo kwenye reli zenyewe ili ushikilie rilei. Treni ikiingia kwenye kipande hicho, magurudumu na ekseli vinaunganisha reli mbili, rilei inaachia, na ishara inakuwa ya hatari. Uzuri wake ni kwamba betri ikifa, au waya ukikatika, au reli ikivunjika, rilei inaachia vilevile. Mfumo ukiharibika unasema hatari. Kwa sababu hiyo kitufe chekundu cha dharura kwenye mashine ya kukamua huungwa kwa ncha ambazo siku zote zimefungwa, na kukibonyeza ni kuzifungua. Panya akitafuna waya wake usiku, asubuhi mashine haitawaka, na fundi atatafuta kosa huku amekereka. Angeuunga kinyume, panya angekula waya na mashine ingeendelea kuwaka kwa amani, mpaka siku mtu anapiga kitufe na mashine inaendelea kuzunguka.

Dunia ilikwisha kulipa kwa kudharau haki hii ya sakiti kukataa. Kati ya 1985 na 1987, Marekani na Kanada, mashine ya tiba ya mionzi iitwayo Therac-25 iliwapiga wagonjwa sita mionzi iliyopita kiasi kwa mbali sana, na baadhi yao wakafa. Mashine iliyoitangulia, Therac-20, ilikuwa na vizuizi vya waya vilivyosimama peke yake, nje ya kompyuta. Kwenye Therac-25 vikaondolewa, programu ikaachiwa kila kitu. Baadaye iligundulika kwamba kosa moja la programu hiyo lilikuwemo pia ndani ya Therac-20. Huko lilikuwa likiishia kuunguza fyuzi. Kosa hilo likitokea, sakiti inakataa, fyuzi inakatika, na mgonjwa anaamka kitandani akaenda nyumbani.

Hata Richard Morley, mmoja wa waliobuni mwaka 1968 kompyuta ya kuchukua nafasi ya rilei viwandani, ile iliyokuja kuitwa Modicon 084, hakuwa adui wa rilei. Viwanda vya magari vilikuwa vimejaa kuta nzima za rilei, na kubadili mfuatano wa kazi kulimaanisha kuunga nyaya upya kwa wiki nyingi. Kompyuta yake ilichukua mfuatano huo, na mchoro wake ukaendelea kufanana na mchoro wa rilei ili mafundi waliokuwepo wausome. Kitufe cha dharura hakikuhamia huko. Kwa miaka mingi kanuni za kimataifa za usalama wa mashine zilidai kitufe hicho kikate umeme kwa ncha na waya. Siku hizi zinaruhusu pia kompyuta maalumu za usalama, zinazojikagua zenyewe kila wakati. Kiwanda kidogo cha alizeti cha Singida hakina kompyuta hizo, na hakizihitaji.

Wala tusidhani haya ni mambo ya viwanda vidogo tu. Singida ndipo njia kuu ya umeme ya kilovoti 400 inayotoka Iringa kupitia Dodoma hadi Shinyanga, kilomita 670, inapokutana na ile inayopanda Babati na Arusha hadi Namanga kuelekea Kenya, kilomita 414. Katika vituo vya kupoza umeme vya kiwango hicho kuna kompyuta zinazopima mikondo na kuamua ndani ya sehemu ndogo ya sekunde kwamba kuna hitilafu kwenye laini. Lakini amri yao inatoka kwa njia ya ncha mbili zinazogusana, zinazopeleka umeme wa betri kwenye koili, na koili inaachia komeo la springi iliyokwisha kukazwa. Nguvu ya kukata imekaa pale tayari kabla hitilafu haijatokea. Umeme unaotumika ni wa betri kwa kuwa ule wa gridi ndio unaoshukiwa.

Na kwenye ukuta wa nyumba nyingi zenye umeme kuna mfano mwingine ambao tumeuzoea mno hata hatuuoni, nao ni LUKU, mita ya umeme wa kulipia kwanza. Unaingiza tarakimu 20, mita inazikagua kwa hesabu zake za siri bila kumpigia mtu yeyote simu, kisha inaamrisha rilei moja ndani yake. Rilei hiyo ni tofauti na kontakta ya alizeti. Ikishafunga inabaki imefunga hata umeme ukikatika, kwa kuwa kulipa kwako hakufutwi na giza. Hii ni ya chuma na koili vilevile, lakini imetengenezwa ikumbuke, kwa kuwa mtu fulani aliketi akauliza umeme ukirudi ni nini kinachotakiwa kitokee, na kwa nani.

Ufundi wenyewe ni huko kuuliza. Chuo cha VETA cha Singida na vingine vya aina yake vinafundisha kijana kuunga nyaya, kukaza skrubu hadi zishike, kuandika namba kwenye kila ncha ya waya ili atakayekuja baada yake asipapase. Naiheshimu sana kazi hiyo ya mikono. Boksi ambalo nyaya zake zimelala sambamba, zimepinda kwa kona moja, kila moja na namba yake pande zote mbili, ni kitu cha kupendeza kukitazama, na ni rahisi kuona kipande cha waya kisichokuwa cha hapo. Fujo huficha njia za mkato. Mzee mmoja wa kazi hii huwaambia wanaojifunza kwake, ‘Mwanangu, usinioneshe inavyowaka. Nioneshe inavyokataa kuwaka.’

Kwenye mlango wa boksi zuri la pampu kuna swichi ya kuchagua yenye nafasi tatu: mkono, sifuri, otomatiki. Kwenye otomatiki inasikilizwa programu. Kwenye mkono, kitufe cha kijani na kinjia chake cha 13 na 14 vinarudi kazini, ili bodi ikifa kijiji kisikae bila maji mpaka mtu wa kompyuta apatikane mjini. Mafundi wengi wanaiweka swichi hiyo. Wanapotofautiana ni mahali pa kuiunga. Wengine hupitisha vijiti vya kisima na kinga ya mota kwenye upande wa otomatiki tu, hivyo anayegeuza kwenda mkono anaziruka kinga zote bila kujua, na anageuza kwenda mkono siku ileile ambayo kuna tatizo. Mpangilio sahihi ni fyuzi kwanza, halafu kitufe chekundu, halafu 95 na 96, halafu rilei ya vijiti, na baada ya hizo zote ndipo swichi igawanye njia kati ya mtu na programu, zikutane tena kwenye koili. Siku ya kukabidhi, fundi achomoe bodi kabisa na kuiweka mezani mbele ya kamati, ageuze swichi kwenda mkono, avitoe vijiti majini, kisha amwite mwenyekiti mwenyewe abonyeze kitufe cha kijani. Pampu ikiwaka, hati ya malipo isisainiwe.